Mahindi ya Demboni

Jumapili, 4 Desemba 2022

Baada ya misa nilimsindikiza Mama Mkubwa shambani, upande wa Kafubu. Shamba lenyewe ni dembo, bonde linaloshika maji. Tulilinunua mwezi wa nane mwaka jana, na mwezi wa nane hakuna dembo la Lubumbashi lisilopendeza: udongo mweusi, unyevu chini ya kidole, akina mama wanamwagilia lengalenga na matembele kwa ndoo huku mji mzima umegeuka vumbi jekundu. Aliyetuuzia alituapia kwamba maji ya mvua hayafiki hapo. Mwaka jana yalifika. Mwaka huu tunangoja.

Mahindi yalipandwa katikati ya Novemba. Yana majani manne, mengine matano, kijani cha kupendeza. Katikati ya shamba kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, na Mama Mkubwa amepanda mpaka ubavuni mwake. Nilimwambia kwamba vichuguu vikubwa vya huku kwetu vimepimwa umri, na vingine vimepita miaka 2000. Akakitazama kichuguu, akanitazama mimi.

"Basi mchwa walijua pa kukaa, Mwalimu. Mimi ndiye niliyechelewa kuwafuata."

Jumanne, 13 Desemba

Mvua tangu Jumamosi, usiku na mchana, na ngurumo zake. Redio inatoa habari za Kinshasa: mvua ya usiku wa kuamkia leo imebomoa nyumba na barabara, maiti zinahesabiwa. Nimekaa na redio mkononi muda mrefu. Kuandika habari za mahindi siku kama hii kunanitia haya, lakini Mama Mkubwa amepiga simu mara tatu. Hela yote ya mbegu na mbolea imelala pale.

Jumatano, 14 Desemba

Maji yamepita kifundo cha mguu. Yametulia, hayaendi popote, yana rangi ya chai. Mahindi ya upande wa chini yamesimama ndani yake na majani yamelegea, yamejikunja kama yaliyokosa mvua mwezi mzima. Mama Mkubwa aliinama akashika jani moja.

"Tazama. Limesimama majini na lina kiu."

Lina kiu kweli. Jambo hili nimelifundisha miaka kumi na moja kwa sentensi moja ya ubaoni, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona kwa macho. Mzizi haunywi kwa sababu tu maji yapo. Seli zake zina milango ya protini ya kupitishia maji. Oksijeni ikikosekana, ndani ya seli mnachachuka, na uchachu huo unaifunga milango. Mmea unazungukwa na maji, na hayaingii.

Na kwa nini oksijeni ikosekane? Kwa sababu hewa ikipita ndani ya maji inatembea polepole mno, kama mara 10,000 polepole kuliko inavyotembea hewani. Udongo mzuri una vijitundu vilivyojaa hewa. Mvua ikivijaza maji, mizizi na vijidudu vinamalizia oksijeni iliyobaki kwa siku moja au mbili, na kukiwa na joto ni mapema zaidi. Leo ni siku ya nne. Mahindi ya umri huu yana udhaifu mmoja mkubwa: ncha ya kukulia bado iko chini ya udongo, haitoki mpaka yafike majani sita hivi. Kwa hiyo yanazama na moyo wake ndani.

Nilikuwa nimebeba mfuko wa urea. Mama Mkubwa aliusukuma pembeni. "Mtu anayekabwa humpi chakula." Tukachukua majembe.

Alhamisi, 15 Desemba

Mfereji umefika mita thelathini. Maji yameanza kusogea. Mgongo wangu hauniruhusu kuandika zaidi.

Jumamosi, 17 Desemba

Maji yameondoka kwenye matuta ya juu, na jua limetoka kali. Nililotegemea ni furaha. Badala yake mashina kadhaa yaliyokuwa yamesimama jana leo yamelala, kama vile hewa yenyewe ndiyo iliyoyapiga. Nimeandika hilo hapa ili nilitafute.

Nimeng'oa manne. Mawili ya chini kabisa: mizizi ya kahawia iliyokoza, inateleza, ukiivuta ganda linabaki mkononi, na harufu ya yai viza. Hayo yamekwenda. Mawili ya pembeni yana habari nyingine. Kwenye pingili ya chini ya shina, juu kidogo ya udongo, imetoka mizizi mipya, minene, myeupe kabisa, inayotambaa juu ya tope bila kuingia ndani. Wiki iliyopita haikuwapo. Mmea uliona mizizi yake ya chini inakufa, ukatengeneza mingine karibu na hewa.

Nimekata mmoja kwa wembe na kuutazama kwa kioo cha kukuzia cha shule. Ndani ni kama sponji: kuna mashimo marefu kati ya ganda na kiini. Seli zilizokuwa pale zimekufa kwa mpango, ili zibaki njia za kupitishia hewa kutoka majani mpaka ncha ya mzizi. Nilikaa na ule mzizi juu ya magoti muda mrefu. Pwani, mti wa mchu huzaliwa na ujuzi wa namna hii, unasimamisha mizizi yake juu ya matope kama vidole ili ivute hewa maji yakipwa. Muhindi haukuzaliwa na matope. Umejenga mabomba ndani ya siku saba.

Mzizi mwingine niliupasua nikaunusa. Haukuwa na uozo, ila harufu ya mbali ya pombe. Mama Mkubwa aliitambua kabla yangu: "Lutuku." Hakukosea hata kidogo. Mahindi yaleyale yanayochachushwa mtaani kupata lutuku, hapa yanajichachusha yenyewe yakiwa hai. Bila oksijeni seli haiwezi kuichoma sukari mpaka mwisho. Inaichachusha tu, inapata vipande 2 vya nguvu pale ambapo ingepata 30 na zaidi. Kwa hiyo mmea unakula akiba yake mara kumi na tano ili upate nguvu ileile. Siku ngapi akiba hiyo inatosha, ndilo swali zima.

Jumapili, 18 Desemba

Mtaa mzima uko kwenye fainali, Argentina na Ufaransa, kelele zinapanda na kushuka kama mawimbi. Mimi niko jikoni. Nimechemsha maji yakatoka mapovu yote, nikayaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, nikamimina kwenye bilauri mbili. Moja nimeweka punje kumi za mahindi, nyingine punje kumi za mpunga wenye maganda, ambao jirani yetu aliletewa kutoka Kongolo. Juu yake nimemwaga mafuta ya kupikia kama kidole kimoja ili hewa isiingie. Bilauri ya tatu na ya nne zina pamba yenye unyevu tu, na punje zilezile, kwa ajili ya kulinganisha.

Mke wangu ameuliza kama mafuta hayo nitayarudisha.

Alhamisi, 22 Desemba

Mama Mkubwa ameleta mkungu wa ndizi mbichi kwa ajili ya Krismasi, ameufunga ndani ya gunia na kuutia maparachichi mawili yaliyoiva. Anajua tangu utotoni kwamba tunda bivu huamsha tunda bichi. Kinachofanya hivyo ni gesi ya ethilini, na gunia linaizuia isitoroke.

Jioni, nikisoma kwenye simu, nikakutana na gesi hiyohiyo kwenye mafuriko. Mmea hutoa ethilini kidogo saa zote, na upepo unaipeleka. Ukifunikwa na maji, gesi haina pa kwenda. Inakusanyika ndani ya mmea kwa muda wa saa moja hivi. Maji ni gunia. Kwa hiyo mmea unapata taarifa mapema, kabla oksijeni haijaisha, kwamba umefungwa ndani ya kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba taarifa hiyo huuandaa mmea: mimea iliyoonjeshwa ethilini kwanza ilivumilia ukosefu wa oksijeni vizuri zaidi kuliko iliyokumbwa ghafla.

Nimemweleza Mama Mkubwa. Akaweka mkono juu ya lile gunia, kimya.

Jumanne, 27 Desemba

Siku ya tisa ya bilauri.

Pamba yenye unyevu: punje zote zimeota, mizizi na machipukizi.

Mahindi chini ya mafuta: hakuna hata moja. Yamevimba, maji yamekuwa na ukungu na harufu ya uchachu.

Mpunga chini ya mafuta: punje saba zimetoa kila moja sindano moja nyeupe, ndefu, nyembamba, inayopanda juu. Mzizi hakuna. Nilizitoa kwa koleo nikazipanga kwenye sahani nyeusi na kuzipima. Ndefu kuliko zote ina sentimita 3 na nusu. Punje iliyonyimwa hewa haikugawanya nguvu zake. Iliacha mzizi, iliacha jani, ikatuma mrija mmoja tu kwenda kutafuta uso wa maji. Mpunga unaweza kuvunja wanga wake bila oksijeni na kuutia mrija huo. Muhindi hauwezi, unakufa njaa ukiwa na ghala limejaa.

Nimewaita watoto wote wa nyumba kumi za karibu waje waone.

Jumatano, 4 Januari 2023

Sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru, shule na maduka vimefungwa. Nimeshinda na jambo moja, na nataka kuliandika vizuri ili mwezi huu nilifundishe bila kulipotosha.

Swali: mmea unajuaje kwamba oksijeni imepungua? Hauna pua, hauna damu, hauna ubongo.

Jibu lilitoka mwaka 2011, katika jarida la Nature, toleo moja, kutoka kwa makundi mawili. Moja lilikuwa na Daniel Gibbs na Michael Holdsworth wa Nottingham, jingine lilikuwa na Francesco Licausi na wenzake wa Ujerumani na Italia. Walifanya kazi na Arabidopsis, kijimmea cha ukoo wa kabichi.

Ndani ya seli kuna protini za ukoo uitwao ERF-VII. Naziita wajumbe. Kazi yao ni kuingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za siku za dhiki: jeni za kuchachusha sukari, za kubana matumizi, za kustahimili. Ajabu ni kwamba mmea hausubiri dhiki ndipo uwatengeneze. Unawatengeneza kila saa, hata siku ya jua na upepo. Na kila saa wanauawa.

Namna wanavyouawa niliisoma mara nne. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kila mnyororo huanza na methionini. Kwa wajumbe hawa ya pili ni sisteini. Kimeng'enya kimoja kinaikata ile ya kwanza, na sisteini inabaki mbele, wazi. Hapo kinakuja kimeng'enya cha pili, ambacho kinachukua oksijeni na kuipachika kwenye sisteini hiyo. Hicho kilitambuliwa mwaka 2014. Sisteini ikishapachikwa oksijeni, inaongezewa arjinini mbele yake, na arjinini ni alama ya kifo: mjumbe anapelekwa kwenye protiasomu, kinu cha seli cha kusagia protini, anakatwa vipandevipande. Yote haya yanategemea oksijeni iwepo. Ikipungua, kimeng'enya cha pili kinalegea, alama haiwekwi, mjumbe anaishi. Mmoja wao hukaa amejibanza kwenye utando wa seli wakati wa neema. Hewa ikipungua anauacha utando na kwenda kwenye kiini.

Kiswahili kinasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hapa mpiga mbiu anazaliwa kila dakika, na kila dakika hewa inamziba mdomo. Siku hewa ikiondoka, mbiu inalia yenyewe. Hakuna anayehitaji kwenda kumwamsha mtu. Gharama yake ni kubwa, kutengeneza na kuua mchana kutwa mwaka mzima, na mmea unailipa kwa sababu mafuriko hayasubiri protini itengenezwe.

Na hewa ikirudi, mjumbe anauawa upesi, maana asipokufa mmea utaendelea kuchachusha na kumaliza akiba bila sababu. Hapa ndipo nilipopata sehemu ya jibu la mashina yaliyolala tarehe 17. Seli iliyozoea giza la hewa ikipata oksijeni ghafla hutengeneza viini vikali vya oksijeni vinavyounguza utando na protini zake. Juu ya hayo jua lilikuwa kali, na mizizi iliyoumia haikuweza kulipa maji ambayo majani yalikuwa yakipoteza. Kumbe siku ya kuokolewa nayo ni siku ya hatari.

Mpwa wangu, aliyekuja kwa mwaka mpya kutoka machimboni upande wa Kolwezi, alikuwa amelala kwenye mkeka akinisikiliza nikisoma kwa sauti. Akasema: "Mjomba, sisi huko chini hatuna mjumbe. Kichwa kinakuwa chepesi, unafurahi tu, halafu mwenzako anakuvuta kwa kamba." Nilinyamaza. Anachosema ni kweli. Kifua cha mtu kinashtushwa na kaboni dioksidi ikizidi kuliko oksijeni ikipungua. Kwenye shimo ambamo oksijeni imepungua bila kaboni dioksidi kujaa, mtu anaweza kuanguka bila kuhisi kukabwa. Seli zetu zinao mjumbe wao, HIF, anayetengenezwa na kuuawa kwa mpango unaofanana na ule wa mimea, ingawa umejengwa kwa vipande vingine. Kuugundua mpango huo ndiko kulikowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Lakini mjumbe huyo hufanya kazi ya saa na siku, kama kuongeza damu. Hamwambii mtu "panda juu sasa."

Nimemwomba asirudi kwenye lile shimo la mita ishirini. Hajanijibu.

Jumapili, 8 Januari

Shamba. Hesabu ya Mama Mkubwa: upande wa chini theluthi mbili yamekufa, upande wa juu yamepona karibu yote, kwenye kichuguu hayajaguswa. Leo ndipo alipokubali urea iwekwe, kidogo kidogo, kwa yale yenye mizizi myeupe tu. Anayachagua kwa kuinama na kutazama pingili ya chini, na hakosei. Upande uliokufa anapandisha matuta mapana, tuta la kufika gotini, kwa ajili ya matembele. Anataka matete yaachwe kando ya mfereji.

Jumamosi, 21 Januari

Jana nimefundisha somo la wajumbe, darasa la tano. Nilimpa kila mwanafunzi wa mstari wa kwanza kipande cha karatasi chenye neno moja, na wa mstari wa pili kazi ya kukipiga muhuri wa "oksijeni" na kukichana. Kisha nikawaambia mstari wa pili wasimame nje. Karatasi zikajaa mezani, maneno yakasomeka. Binti mmoja akauliza: kama mmea unapima oksijeni, si utajua kwamba sisi wa Lubumbashi tuko juu?

Sikuwa nimetarajia swali hilo, na jibu lake lipo, la mwaka juzi tu... hapana, la mwaka jana, 2022. Kundi la Gibbs, sasa akiwa Birmingham, lilionyesha kwamba mimea inatumia njia hiihii kujirekebisha na mwinuko. Mji wetu uko mita 1200 na ushei juu ya bahari. Sehemu ya oksijeni hewani ni asilimia 21 kama Dar es Salaam, lakini hewa yenyewe ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama sehemu moja ya saba. Mbegu inayoota gizani hukusanya malighafi ya klorofili, na malighafi hiyo ikizidi inaunguza kichipukizi kinapokutana na mwanga. Kiasi cha kukusanya kinapangwa na wajumbe walewale. Ndiyo sababu mimea ya milimani na ya nchi za chini ina usikivu tofauti: kila moja imejifunza kuiona hewa ya kwao kuwa ndiyo ya kawaida.

Nilimwambia aandike swali lake ukutani, chini ya ramani. Limeandikwa.

Jumatano, 1 Februari

Nimesoma habari za mpunga FR13A wa Odisha, India. Mwaka 2006 jeni yake, SUB1A, ilitambuliwa. Mpunga wenye jeni hiyo ukizamishwa unatulia, haurefuki, haumalizi sukari, unasubiri mpaka wiki mbili. Mwaka 2009 Wajapani walieleza jeni za kinyume chake, SNORKEL, za mpunga wa maji marefu, unaokimbilia juu hata sentimita 25 kwa siku ili majani yabaki hewani. Mafuriko mafupi yanataka wa kwanza, mafuriko ya miezi yanataka wa pili. Ukikosea, unaua shamba. Jeni zote hizi ni za ukoo mpana wa wale wajumbe, na SUB1A imekwepa kile kinu cha protiasomu.

Dembo letu hujaa na kukauka ndani ya wiki. Nimeanza kuulizia mbegu ya mpunga kwa upande wa chini, ile ya kutulia.

Jumapili, 12 Februari

Mahindi ya juu yametoa mbelewele. Ya mfereji ni mafupi kuliko ya kichuguu kwa kiganja na nusu, lakini yana magunzi.

Nilikuwa nimebeba wembe na kioo cha kukuzia. Mama Mkubwa aliniomba nimkatie mzizi wa tete badala ya muhindi. Nikauchimba kwenye tope la mfereji, nikauosha, nikaukata. Alifumba jicho moja, akausogeza mzizi mpaka karibu na kope. Matundu ya tete ni makubwa na yamepangwa kwa duara, safi kama yaliyotobolewa na fundi.

"Huu haukungoja mvua," alisema.

Haukungoja; tete hutengeneza mabomba hata likiwa pakavu. Kisha akataka wa muhindi, akailinganisha miwili, mmoja kwenye kila kidole gumba, kwa muda mrefu. Akaniuliza kama kioo kinaweza kubaki kwake mpaka Jumapili ijayo, maana jirani wa shamba la pili naye mahindi yake yalilala, na hajui ni yapi ya kuweka mbolea. Nimemwachia.